Delmar Kessinger na Miti Aliyomtajia Mkewe

Mimi ni Nadine, dada mdogo wa marehemu. Ningependa wasifu huu usomwe na Arlene, mkewe, lakini hana nguvu ya kusimama. Nami sina nyingi, kwa hiyo mnivumilie.

Delmar Kessinger alizaliwa tarehe 9 Februari 1956 katika kaunti ya Potter, Pennsylvania, mtoto wa pili kati ya watatu. Sasa nimebaki mimi tu. Alimaliza sekondari mwaka 1974, ingawa msimu wa kuwinda kulungu ukifika dawati lake lilikuwa tupu. Kuanzia 1979 hadi 2017 aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani, na baadhi yenu mliwahi hospitali kujifungua kwa sababu yeye alikuwa ameshaamka.

Tarehe 14 Juni 1980 alimuoa Arlene Stroup, na bila kuulizwa akapata pia mashemeji wawili wawindaji, Royce na Clair.

Alipostaafu, magoti yaligoma kubeba kiti cha chuma cha kuwindia juu ya mti. Akanunua tandiko: mkanda mpana wa kukalia, kamba ya kujifunga kwenye shina, na ngazi fupi za kubandika. Vyote viliingia kwenye begi la mgongoni. Aliambiwa aanzie chini, miguu ikikaribia kugusa nyasi, mpaka mwili uzoee. Delmar hakuwa mtu wa kuanzia chini. Siku ya kwanza alipanda juu kabisa, mkanda ukambana nyonga, miguu ikafa ganzi, akashindwa kushuka. Arlene aliuzunguka msitu akimwita mpaka jioni, ndipo akamwona, akaenda kuleta ngazi ya nyumbani.

Alipomfikisha chini alimwambia, "Kile kiti cha chuma hakikuhama, nilijua pa kukufuata. Sasa kila siku mti mwingine. Utaniambia ni upi, au hupandi."

Kwa mwindaji hilo si dogo. Mti wake hamtajii hata ndugu wa damu, asije akamwahi. Lakini tangu siku hiyo alimtajia Arlene kila alfajiri. Royce na Clair walimletea dada yao pai za tufaha wakimchokonoa awatajie. Alikula pai, akanyamaza.

Machi 2023 Delmar aligundulika ana saratani ya kongosho. Msimu ulipofunguliwa Oktoba, hata kupanda kitandani alishikwa. Bado kila asubuhi alimtajia mkewe mti, naye akimwambia ashuke kabla ya giza. Tulikuwa tukimgeuza ubavu, mimi na Arlene, tumechoka hata kulia. Asubuhi ya tarehe 21 alimwambia:

"Leo sijui ni mti gani, Arlene."

Arlene akamfunika miguu. "Nenda tu. Nitakutafuta."

Alifariki kabla ya saa sita mchana.

Ameacha mjane, Arlene, watoto wawili, Tess na Wade, wajukuu watatu, mimi, na mashemeji zake Royce na Clair, ambao nawaomba mbele ya watu wote wasimuulize Arlene habari za miti. Hatasema.

Mungu ampe amani huko aliko, hata kama safari hii hatukuambiwa ni wapi.