Aliyepika Hakuambiwa

Nilimwahidi shangazi yangu kwamba siku nikisimama mbele yenu kushukuru, nitayasema yote, hata yale ambayo mwanamume huyaficha, na nitayasema yeye akisikia. Ameketi nyuma karibu na mlango, mahali alipohamia tangu mlipoacha kumwita jikoni. Naomba msigeuke kumtazama kwanza.

Wapendwa wa usharika wetu wa Kinyala, katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu kule Kawetele nilianza kutokwa damu chooni. Nilinyamaza kwa aibu. Mnajua jinsi Tukuyu ilivyobadilika tangu biashara ilipoachiwa huru: maduka ya dawa yameota kila kona. Niliingia la kwanza, nikanong'ona. "Bawasiri hiyo, mwalimu," muuzaji akanijibu kwa sauti ya kusikika barabarani, akanipa vidonge. La pili likasema ni minyoo. La tatu likasema ni amiba, na vidonge vyake vilikuwa vikubwa zaidi. Wote waliniuzia. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Lala hapa nikutazame." Ndugu zangu, nawauliza bila kuficha hasira yangu: huu ndio uhuru wa biashara tulioambiwa tuushangilie? Uhuru wa kuuziwa dawa ya ugonjwa ambao hakuna aliyeuona?

Nilipoanza kushikwa na kizunguzungu mbele ya wanafunzi, shangazi, dada wa marehemu baba na mlezi wangu, alifunga safari nami hadi hospitali moja kubwa nje ya wilaya yetu. Jina lake naliacha. Pale daktari alieleza kwamba kuna mpira mwembamba wenye kamera, ambao hupitishwa njia ya haja kubwa ukakagua utumbo mpana wote. Mtaalamu wa kipimo hicho alikuwa mgeni. Angekaa siku chache, kisha angeondoka na mashine yake.

"Huenda ni kinyama kidogo kilichoota ndani," daktari alisema. "Huenda ni saratani. Bila kuona, siwezi kusema."

Utumbo haukaguliwi mpaka uwe mtupu. Muuguzi aliweka dawa ya kuharisha juu ya kabati langu. "Kunywa yote. Kesho ni zamu yako." Akaenda zake. Habari ya chakula hakuigusa. Katika kitanda cha jirani alilala fundi cherehani wa Msasani yetu ya hapa Tukuyu, Mwislamu, mtu wa utani, naye akisubiri kipimo hichohicho. Mchana kutwa tulipokezana choo.

"Mwalimu, umemaliza?" aliita mlangoni.

"Bado, fundi."

"Basi sahihisha haraka, mwenzio kengele imeshagonga!"

Shangazi alikuwa kwenye banda la wapishi nyuma ya wodi, pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, kwa kuwa hospitali ile haikuwa na jiko la kuwalisha wagonjwa. Aliniona nikirudi kutoka chooni nimeshika ukuta. Ninyi nyote mnajua kwamba kwetu, mtu aliyeharisha kutwa haachwi alale na tumbo tupu. Alipika ndizi kwa maharage, zile tulizotoka nazo hapa Kinyala, akanipakulia. Na fundi naye, kwa kuwa hakuwa na ndugu pale, akapewa sahani yake. Tulikula tukamaliza.

Asubuhi nililazwa kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Mpira ukaingia. Mtaalamu alitazama kioo cha mashine, akaguna. "Maharage matupu. Sioni kitu." Akautoa. Kwa fundi ikawa hivyohivyo.

Nilikuwa sijatulia kitandani muuguzi alipoingia. "Nani kampikia huyu? Wewe bibi? Umeharibu kazi ya daktari! Ninyi watu wa migombani mnadhani ndizi ni dawa? Unataka kumuua?"

Wodi ikacheka. Shangazi, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, aliniuliza kwa Kinyakyusa anaambiwa nini. Nami, pamoja na cheti changu cha chuo, nikamjibu, "Anasema tusubiri." Lakini neno "kuua" alikuwa amelielewa. Alichukua sufuria yake, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akaifunga katika kanga, na hakupika tena. Watu wa huku walikuwapo wodini. Maneno yalifika Kinyala kabla yetu.

Siku iliyofuata, mtaalamu akiwa anakaribia kuondoka, nilimwona shangazi amesimama nje ya dirisha, anaogopa kuingia. Hapo hasira ikaishinda aibu. Madaktari walipofika kitandani kwangu, nikaketi.

"Daktari, nani alimwambia anayepika?"

"Mgonjwa aliambiwa," muuguzi akadakia.

"Niliambiwa ninywe dawa. Sikuambiwa nisile. Tena mimi sipiki. Kama ndugu ndio wanaotulisha hapa, ndugu ndio wa kuambiwa."

"Mwalimu, hapa si darasani kwako."

Fundi akajiinua kwenye mto. "Dada, mimi nimekula sahani hiyohiyo. Kufunga nimezoea, lakini hata Ramadhani hutangazwa!"

Safari hii wodi haikumcheka shangazi. Daktari akamtuma muuguzi mwenyewe nje dirishani. Shangazi akaitwa, akapewa kiti. Daktari alieleza polepole kwa nini utumbo uwe mtupu, na kwamba hadi kipimo kiishe ni maji na chai ya rangi tu. Mara hii nilitafsiri kila neno.

"Kwa hiyo sufuria yangu haikutaka kumuua?" aliuliza.

"Hapana, mama. Kosa ni letu. Hatukukuambia."

"Mngesema, ningekaa mlangoni."

Akakaa. Kila aliyekuja na bakuli alirudishwa. Hata mwinjilisti aliyetutembelea na chapati aliambiwa akazile nje, tena mbali, harufu isitufikie.

Tulikunywa dawa upya, na kabla mtaalamu hajaondoka, kipimo cha pili kilifanikiwa. Hewa waliyonijaza utumboni ili waone vizuri ilinitoka kwa kishindo mbele ya mtaalamu, nikataka kuomba radhi, naye akasema, "Vizuri, endelea." Walikuta kinyama chenye kikonyo, wakakikata kwa waya uliopita ndani ya mpira uleule. Kilipochunguzwa, hakikuwa saratani. Damu ilikoma. Fundi naye alipata dawa yake, na leo anashona.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari aliyekubali kukosolewa, na fundi aliyenitetea. Lakini furaha yangu ina uchungu ndani yake. Wenye maduka walioniuzia vidonge bila kunitazama mnawasalimu kwa heshima. Shangazi, aliyekuwa akipika kwa vyungu vikubwa katika kila msiba wa Kinyala, hamjamwita tena. Misiba imepita, harusi zimepita. Mnasema, "Huyo ndiye aliyetaka kumuua mgonjwa kwa ndizi." Ameadhibiwa yeye peke yake, na alichofanya ni kumpikia mwenye njaa.

Nilichojifunza ni hiki: dawa isitangulie uchunguzi, na anayempikia mgonjwa aambiwe sawasawa na mgonjwa mwenyewe.

Chakula cha shukrani ya leo amepika shangazi. Kiko nyuma ya kanisa, kimefunikwa kwa majani ya mgomba. Ni ndizi kwa maharage. Sasa geukeni mumtazame. Tukitoka hapa, naomba mle.