Mita Moja

"Hivi corona hula akili ya mtoto?" Jirani yangu Bi Time aliniuliza hivyo wiki ile skuli zilipofunguliwa tena. Nilimwambia Allahu aalam. Jibu nikaja kulisikia kwenye gari ya abiria iendayo Konde.

Mbele yangu bibi mmoja alikuwa kapakata chupa ya kombe, zile aya za zafarani zilizooshwa kwa maji. "Mjukuu wangu Maher hesabu akipata ishirini kwa ishirini," alimwambia mwanamke wa pembeni yake. "Tangu corona apata tatu! Mwalimu ataka kumrudisha darasa la pili. Leo namnywesha hili pale pale skuli."

"Alikuwa akikaa na nani?"

"Na Badriya, kabla hawajatenganishwa mita moja."

Mwanamke akacheka mpaka ushungi ukamvuka. "Badriya mwanangu mie! Basi si corona, Bi Mkubwa. Ni hiyo mita."

"Wamwita mjukuu wangu mwizi wa majibu?"

"Namwita jirani wa dawati."

Bibi akapanguza chupa kwa ncha ya buibui. "Na huyo Badriya, imla apata ngapi siku hizi?"

Kicheko kikakatika. Mie nikavuta tasbihi, nikaomba nisicheke.

"Mbili," akasema mwanamke, sauti chini. "Zamani hakuwa akikosa hata neno."

"Maher imla hajaanguka hata leo."

"Sasa wataka kusema nini?"

Gari ikasimama mbele ya skuli. Bibi akafungua kombe, akammiminia mwenzake nusu, ya kumnywesha Badriya, kwenye chupa ya maji ya mwanamke yule, akashuka.