Bartolomeo Kondo na Gari Lisilozimwa

Baba Paroko, ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa kigangoni Sungwi, kabla sijaanza naomba radhi kwa mngurumo mnaousikia nje, si mashine ya kusaga, ni Pijo ya marehemu, na mtaelewa hivi punde kwa nini hakuna aliyethubutu kuizima. Mimi ni Alfonce, shemeji yake, na nadhani nimepewa karatasi hii kwa sababu hakuna mtu katika ukoo wetu aliyelisukuma gari hilo kunishinda.

Marehemu Bartolomeo Kondo alizaliwa tarehe 24 Agosti 1932 hapa hapa Sungwi, Kisarawe, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kondo na mama Laurentia. Alianza shule ya misheni mwaka 1941 na kumaliza mwaka 1948, mwaka mmoja nyuma ya wenzake, kwa kuwa akiwa darasa la nne aliifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, akaifunga tena, kipande kimoja kikambakia mkononi, na kilichomuudhi mwalimu zaidi ni kwamba saa iliendelea kutembea kama kawaida.

Februari 1962, nchi ikiwa na miezi miwili ya uhuru, aliajiriwa kwenye mitambo ya maji Ruvu akiwa fundi wa pampu, kazi aliyoifanya hadi alipougua. Mwaka 1967 mhandisi mmoja mgeni, aliyekuwa akirejea kwao, alimwachia Pijo 404 nyeupe kwa kubadilishana na pikipiki na mbuzi wanne, na hapo ndipo taabu zetu zilipoanza. Gari lile halina kabureta, lina pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, inayapima mafuta na kuyarusha kwenye kila silinda kwa zamu, na mafundi wa Mlandizi walipofungua boneti walitafuta kabureta, wakaikosa, wakafunga boneti taratibu na kuomba maji ya kunawa. Marehemu alifurahi kupita kiasi, maana sasa alikuwa na pampu ambayo hakuna mwingine wa kuigusa. Kasoro ilikuwa moja tu, likizimwa likiwa la moto mafuta huchemka ndani ya bomba, na hapo haliwaki mpaka lipoe, mtasukuma mpaka mchoke. Dawa ya marehemu ilikuwa kutolizima.

Ndiyo maana tarehe 27 Januari 1968, alipofunga ndoa na dada yangu Genoveva, gari lilinguruma mlangoni mwa kanisa misa nzima, padri akapaza sauti mpaka ikamkauka, na dada yangu hakumsikia bwana harusi akijibu ndiyo, aliona midomo tu ikicheza. Jambo hilo alimkumbusha kwa miaka kumi na saba, hasa chumvi ilipozidi kwenye mchuzi na marehemu akathubutu kusema. Walijaliwa watoto watatu, Cornel mwaka 1969, Yosefina mwaka 1971 na Didas mwaka 1976, na wote walijua kusukuma kabla ya kujua kusoma.

Tarehe 12 Septemba 1974, watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, marehemu na Genoveva walimhamisha mama yake marehemu, pamoja na godoro, kuku sita na mlango wa nyumba uliofungwa juu ya keria. Njiani jogoo alimrukia marehemu usoni, gari likazimika, la moto kweli kweli. Marehemu akaondoka kutafuta watu wa kusukuma, na huku nyuma Genoveva akavua khanga ya juu, akaichovya kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akaifunga kwenye pampu na bomba la mafuta, kama unavyomkanda mtoto mwenye homa. Marehemu aliporudi aliigonga pampu mara tatu kwa spana namba kumi na tatu, gari likawaka, akawaeleza watu kwamba siri ni kujua pa kugonga. Dada yangu alipomwambia habari ya khanga alijibiwa kwamba gari halina homa. Basi tangu siku hiyo kila lilipogoma alisubiri mumewe aende kutafuta watu, akafanya yake, kisha akaificha khanga chini ya kiti, na marehemu akarudi na spana yake.

Hata Jumapili moja mwaka 1981, magari ya watu binafsi yakiwa yamekatazwa kutembea baada ya saa nane mchana, askari alimkuta amesimama Tangini, karibu na nyumbani kwake, injini ikiunguruma, marehemu akatetea kwamba gari linalia tu, halitembei. Askari akaamuru lizimwe, halafu akaamuru liondolewe, na mwisho akavua kofia akasukuma nasi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana. Alilazwa tarehe 4 Machi 1985, na kitandani akaacha wosia mmoja, kwamba gari lake limtangulie hadi kaburini na mtu yeyote asilisukume. Dada yangu aliona hawezi kumwacha aende bila kujua ukweli, akamweleza habari yote ya khanga. Marehemu akamjibu, "Nilijua, Genoveva. Unadhani kwa nini nilikuwa nachelewa kurudi?" Alifariki dunia tarehe 19 Machi, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Tangini, wafanyakazi wenzake wa Ruvu, na Isihaka Mwinyijuma wa Mlandizi, aliyeliendesha gari hilo tangu asubuhi bila kulizima, ambaye amenong'oneza kwamba mafuta yaliyobaki hayatoshi kufika makaburini kama litaendelea kunguruma bure. Kwa hiyo dada yangu ameamua lizimwe sasa hivi. Khanga anayo, ndoo ya maji ipo mlangoni, na anasema ile ndiyo ya mumewe siku ya harusi hakuisikia, lakini sala ya mwisho ataisikia yote.

Isihaka, zima. Nawe shemeji, pumzika kwa amani, la kuwaka tuachie sisi.