Nilivyorudishiwa Machozi

Asifiwe Bwana aliyenirudishia machozi yangu! Ndugu zangu, naanza na neno ambalo natamani nisingelitamka. Neno lenyewe ni "ndiyo". Nililitamka asubuhi moja ofisini kwa Matroni wa hospitali, nimesimama mikono nyuma kama mwanafunzi, na dirishani nyuma yake ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa. Huoni maji yanaishia wapi wala mbingu inaanzia wapi.

Matroni alisema, "Lameck, wewe una namna yako ya kuwaambia watu. Wenzako wanakimbia, wengine wanajificha chooni. Kuanzia leo, mgonjwa akifariki wodi yoyote, wewe ndiye utakayewaambia ndugu zake. Utaweza?"

Nilipaswa kujibu, "Hapana, Matroni. Tupeane zamu." Maneno manne tu! Lakini sifa zilinipanda kichwani. Nikasema ndiyo.

Wengi wenu mnanifahamu kama yule mzee anayekaa nyuma karibu na mlango. Hamjui kwamba nilikuwa muuguzi zaidi ya miaka thelathini, katika hospitali moja hapa Mwanza, upande unaotazama ziwa. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda chuo cha uuguzi, nikaajiriwa. Nikamwoa Adventina, binti wa Kihaya aliyelelewa katika nyumba ya Kilutheri, na Mungu akatupa mtoto mmoja, Neema, ambaye sasa ni mwalimu kule Misungwi.

Hiyo namna yangu niliyosifiwa ilitoka kwa bibi yangu. Yeye alikuwa hamwambii mtu mwenye njaa habari ya kifo. Alimpa kwanza chakula, maana alijua akishasikia, ugali hautapita kooni kwa siku nyingi. Nikaileta desturi hiyo hospitalini. Ndugu wa marehemu walipofika niliwapeleka kwenye benchi la nyuma linalotazama maji, nikawauliza, "Mmekula?" Wakisema bado, nilikwenda kantini nikawaletea chakula. Wakishakula, ndipo niliwaambia.

Wengi walitoka ng'ambo. Walikuwa wamevuka kwa pantoni kutoka Kamanga, wamebeba hotipoti ya chakula cha mgonjwa wao, imefungwa kwa kanga. Ndugu zangu, niliwauliza kama wamekula huku nikiona mvuke unatoka kwenye chakula cha mtu ambaye hatakila tena.

Miaka ya kwanza nililia pamoja nao. Nilirudi nyumbani macho mekundu, Adventina ananiwekea ndizi mezani, ananiuliza siku ilikuwaje, nami namweleza mpaka moyo unatulia. Kisha machozi yakakatika. Siwezi kusema ni lini. Sikuyaona yakienda, kama usivyouona ukungu unavyoondoka ziwani. Unageuka tu, haupo.

Kazi yenyewe iliendelea vizuri sana! Sauti yangu ilikuwa laini kuliko mwanzo. "Pole, mama. Kaa kwanza. Mmekula?" Watu wakaanza kunijua. Mama Suzana, mpishi wa kantini, mwanamke mwenye kicheko kinachofika mpaka maabara, akiniona mlangoni aliinua mwiko wake juu.

"Weee, Mzee Mmekula! Mimi usiniulize kitu! Nimekula, nimeshiba, na watu wangu wote ni wazima!"

Kantini nzima inacheka. Nami nilicheka. Nilicheka hivyo mchana mmoja nikiwa nimetoka tu kumwambia mama mmoja habari ya mapacha wake. Wote wawili. Nikanywa na chai.

Hapo ndipo nilipaswa kujua kwamba ninaumwa, lakini nilidhani nimekomaa. Nilidhani ni neema! Kumbe nilikuwa kama mtu aliyezama, anakaa chini ya maji na macho yake wazi. Watu niliwaona juu yangu wakifungua vinywa, sauti zao zinanifikia kwa mbali, zimechelewa. Chakula hakikuwa na ladha. Nililala saa nyingi na kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mtu akilia sana niliangalia saa. Moyoni nilimwambia, "Maliza, mama, wako wengine wanasubiri." Nilianza kumchukia mgonjwa ambaye hajafa bado, kwa sababu nilijua ndugu zake watakuja kwangu. Mungu anisamehe kwa kulisema hili mbele ya watoto.

Na ndoto zikaja. Kila nilipojilaza baada ya zamu ya asubuhi niliota ndoto ileile. Ziwa limetulia kabisa, na juu ya maji yamepangwa mabenchi, safu kwa safu, mpaka kule visiwa vinakoonekana kama vinaelea. Watu wamekaa, kila mmoja na hotipoti mapajani. Hawalii. Hawaniulizi kitu. Wananitazama tu, na mbali nyuma yao makundi ya wale wadudu wadogo wa ziwani yanapanda angani kama moshi. Niliamka kifua kikavu, naosha uso, narudi kazini.

Hata hapa kanisani mliniomba niongoze kamati ya misiba, na hata hapa nikasema ndiyo. Sikumwambia mchungaji kwamba nimekauka. Niliona haya. Mtu wa kusaidia watu atamwambia nani kwamba hana tena kitu cha kuwapa?

Sasa nisikilizeni vizuri. Jumamosi moja asubuhi Adventina alikuwa amekaa uani akichambua mchele kwenye ungo. Mimi nilikuwa kwenye kiti karibu naye, hatua mbili hazifiki. Akasema bila kuinua uso, "Baba Neema, hapa kwenye titi, karibu na kwapa, kuna kitu kigumu. Nimekigusa juzi wakati naoga."

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu kwa ile sauti laini. "Pole, mama. Kaa kwanza."

Alicheka. "Si nimekaa tayari?" Kisha akaacha kuchambua, akanitazama. "Baba Neema, mbona unaniongelesha kama ndugu wa mgonjwa?"

Nikasema tutaangalia. Nilitazama vidole vyake vikirudi kwenye mchele, vikitoa kijiwe kimoja, kisha kingine. Nilikuwa muuguzi! Nilijua kitu kigumu kwenye titi ni kitu gani, nimewafundisha wanawake kliniki namna ya kukitafuta. Lakini maneno yake yalinijia kama ya wale walioko juu ya maji, kwa mbali. Mpaka jioni nilikuwa nimeyasahau.

Alisema tena karibu na Krismasi, tumekaa mezani. Safari hii aliomba. "Nisindikize basi, tukapime. Naogopa kwenda peke yangu." Nikamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuja na misiba yake. Hakuomba tena. Alinisubiri, ndugu zangu, kwa sababu mimi ndiye mtu wa hospitali. Aliamini kama lingekuwa jambo kubwa, mume wake angeshituka. Mimi sikushituka, basi naye akatulia.

Pasaka Neema alikuja nyumbani. Alimshika mama yake mkono kumsalimia, akauona umevimba. Hakuniuliza mimi. Alimpandisha mama yake bajaji siku ileile ya sikukuu. Daktari alipotuita alisema ugonjwa umeshatembea, ungeonekana mapema tungezungumza mengine. Neema akanigeukia. "Baba, mama alikuambia lini?" Nikamwambia ukweli. Hakupaza sauti. Aliuchukua mkoba wa mama yake kutoka mikononi mwangu, akatoka.

Adventina alilazwa katika hospitali yangu mwenyewe. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimpa dawa, yote kwa mikono ya kazi. Yeye ndiye alinihurumia mimi. Aliwahi kunishika shavu akasema, "Baba Neema, umekwenda wapi? Nikuombee urudi." Na aliniombea. Nilimsikia akiniombea mimi badala ya kujiombea mwenyewe!

Siku yenyewe ilikuwa saa nane mchana. Neema alikuwa na mama yake, nami nilikuwa nimetoka kidogo kupumua. Miguu ikanipeleka kwenye lile benchi la nyuma. Ziwa lilikuwa tulivu kama kwenye ndoto, na rundo la magugu maji lilikuwa linapita taratibu, limebeba ndege mmoja mweupe.

Nikasikia minong'ono. Wauguzi watatu walikuwa wamesimama kwenye mlango wa korido, wanasukumana.

"Nenda wewe."

"Mimi? Siwezi, nitaanzaje?"

"Kwani huwa anasema nini?"

Nilielewa kila kitu. Nilielewa pia kosa langu lote kwa mara moja. Hawakujua kwa sababu hawakuwahi kufanya. Niliibeba kazi hiyo peke yangu miaka yote, wala sikumfundisha hata mmoja.

Kisha wakapisha, akatokea Mama Suzana. Alikuwa na sahani imefunikwa kwa sahani nyingine. Hakuwa na mwiko wala kicheko. Alikaa kwenye benchi pembeni yangu, akaiweka sahani mapajani mwangu.

"Shemeji," akasema, maana alimwita Adventina dada. "Umekula?"

Nikasema, "Bado."

"Basi kula."

Ulikuwa ugali na sato wa mchuzi. Ndugu zangu, nilikula! Nilijua kwamba sahani ikiisha, mke wangu atakuwa amekufa, lakini wakati ugali bado upo, bado yupo. Kwa hiyo nilikula polepole. Nilichambua samaki mfupa mmoja mmoja kama Adventina alivyokuwa akichambua mchele. Mama Suzana hakunihimiza. Alifukuza nzi kwa kona ya kanga yake, akalitazama ziwa. Na samaki yule alikuwa na ladha! Nilisikia chumvi, nilisikia ndimu. Miaka mingi sikuwa nimesikia ladha ya kitu.

Nilipomaliza alinishika mkono. "Dada ametutoka, shemeji."

Tone moja likaanguka kwenye sahani tupu. Nikaliangalia, sikulijua limetoka wapi. La pili likafuata, na baada ya hapo sikuweza kujizuia. Nililia kama mtoto! Nilimlilia Adventina. Nikawalilia na wale mapacha, na baba yao na mama yao, na kila hotipoti iliyorudi Kamanga haijafunguliwa. Mama Suzana alinishika mabega, na wale wauguzi watatu wakaja wakakaa chini kwenye majani, wakalia nasi. Nilihisi natolewa majini, napigwa na hewa, nahema. Bwana alijibu ombi la mke wangu siku ileile aliyomchukua. Alinirudisha.

Haleluya, ndugu zangu! Tangu wakati huo sijawa mtu mkavu. Kabla sijastaafu nilirudi kwa Matroni, safari hii nikakaa kwenye kiti, nikamwambia lile neno nililopaswa kumwambia mwanzo. Wakapanga zamu. Aliyetoa habari ya msiba leo hatoi nyingine leo. Anakwenda kwenye benchi, na mwenzake anamletea chakula, anamuuliza amekula, kisha anamsikiliza. Kila Alhamisi mchana bado navuka mji naenda kukaa nao. Anayetaka kulia analia, anayetaka kunyamaza ananyamaza. Mama Suzana huleta viazi, na kutuchekesha amerudia.

Sasa nasema na wewe muuguzi, mwalimu, mama mchungaji, na wewe binti unayemuuguza baba yako nyumbani peke yako. Ukiona vilio vya watu vinakuudhi, ukiona chakula hakina ladha na watu wako wanakuita mara mbili ndipo usikie, huko siyo kukomaa. Umechoka mahali ambapo usingizi haufiki. Hata Bwana wetu aliwaacha makutano akaenda mlimani peke yake. Mwamini yeye, na umtafute mtu mmoja umwambie leo. Sema, "Siwezi, tupeane zamu." Mbingu haitaanguka!

Neema amenisamehe. Hunipigia simu kila Jumapili, na huanza kwa kuniuliza kama nimekula. Na ile ndoto bado huja, ila sasa kwenye benchi la mbele amekaa Adventina na ungo wake. Mimi nakaa karibu naye, namsikiliza.

Namshukuru Mungu kwa machozi haya mnayoyaona. Lakini sitaki mtu atoke hapa akidhani niliyapata bure. Ile "ndiyo" niliyoisema ofisini kwa Matroni ilinigharimu mke wangu. Aliniambia mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimekaa karibu naye.