Risala ya Wasikilizaji kwa Kaka wa Bi Kikao

Mgeni rasmi, mtoto wa mji huu uliyerudi ukiwa mkubwa. Waheshimiwa mlioketi meza kuu. Mama zetu, baba zetu, wafanyakazi wa redio. Nanyi mnaotusikia mkiwa jikoni, dukani, juu ya paa mkianika nguo, au kitandani,

Sisi wanachama wa Chama cha Wasikilizaji wa Redio ya Mji tunakusalimu kwa furaha isiyo na unafiki. Risala hii inasomwa na katibu wetu, fundi viatu, mtu ambaye sauti yake haijawahi kupita nje ya kibanda chake. Tunaomba radhi kwa mikwaruzo. Mwenye sauti mliyoizoea ameomba abaki ndani ya studio mpya kuangalia mitambo, na sote tunajua kwamba mitambo leo haina tatizo lolote.

MAKARIBISHO

Karibu nyumbani, mgeni rasmi, utufungulie studio yetu mpya. Tumekuona asubuhi ukishuka kwenye gari pale penye kona ya kinyozi, ukasimama kidogo kabla ya kuanza kutembea. Ukungu ulikuwa bado haujanyanyuka, na nyumba zilikuwa zinajitokeza mojamoja, ukuta, kisha dirisha, kisha mtu dirishani. Mji wako bado una tabia ya kuamka taratibu. Ulipokuwa unapita, redio zilikuwa zinasema kila nyumba, kwa hiyo tunaamini umetembea kutoka kwa kinyozi hadi hapa bila kupoteza hata sentensi moja. Wageni wengine huona ajabu. Wanasema kutembea hapa ni kama kutembea ndani ya usingizi wa mtu anayezungumza.

TULIKOTOKA

Redio hii ilianzia kwenye chumba cha juu ya tanuri la mikate. Sakafu ilikuwa ya moto hata wakati wa baridi, na harufu ya mkate ilipanda kupitia nyufa za mbao mpaka watangazaji wakawa wanameza mate katikati ya taarifa za kukatika kwa maji. Kuta zilizibwa kwa magodoro tuliyochanga majumbani. Kosa lilikuwa kuegemea ukuta. Mtangazaji wetu wa kwanza aliegemea, akasema "na sasa tunakwenda kwenye," halafu mji mzima ukasikia akikoroma kwa amani. Hakuna aliyelalamika. Wengi nao walilala.

Ndipo akaja dada yako.

Tunasema dada yako, mgeni rasmi, kwa sababu ndivyo alivyo, ingawa mjini tunamwita Bi Kikao, maana hakuna kikao kilichowahi kukaliwa hapa ambacho yeye hakukaa nacho. Alikuwa mwendesha simu posta, na simu za kuunganishwa kwa mkono zilipokwisha, alikuja pale juu akasema, "Mimi kazi yangu ni kuwaunganisha watu. Nipeni waya." Akauburuta ule waya hadi ukumbi wa baraza la mji, akauweka mbele ya madiwani, na tangu siku hiyo tukaanza kujua tunavyotawaliwa.

Hakuwa na makeke. Alikuwa akinong'ona tu. "Diwani wa upande wa gatini amevua miwani," angesema kwa upole, "nadhani ana jambo." Nasi tungesimamisha visu juu ya vitunguu kusubiri hilo jambo. Wagonjwa waliyasikia mambo ya mitaro wakiwa nusu usingizini. Mshonaji wetu mmoja alituapia kwamba aliota yuko ukumbini anaunga mkono hoja ya taa za barabarani, akaamka mkono wake ukiwa juu.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mitaro imezibuliwa. Taa zinawaka kuanzia sokoni hadi zahanati. Vyoo vya shule vina milango. Haya yote yalisemwa hewani, yakarudiwa hewani, mpaka waliohusika wakaona ni nafuu kuyafanya kuliko kuendelea kuyasikia.

Lakini fanikio tunalojivunia zaidi ni kiwanda cha barafu, na hilo hatuwezi kulitaja bila kukutaja wewe.

Utakumbuka wewe ndiye uliyekuwa mwenyekiti wa baraza. Ulileta hoja kwamba kiwanda kijengwe pale penye ngazi za mawe zinazoshuka baharini, na eneo lote lizungushiwe uzio. Sisi tulisikia neno "uzio" tu. Ngazi zile ndipo watoto wetu wanapofundishwa kuogelea, ndipo wanawake wanapokaa jua likipungua, miguu majini, wakizungumza mambo ambayo hata redio haijawahi kuruhusiwa kuyasikia. Joto lilikuwa kali ukumbini, watu wakaanza kupiga kelele madirishani, nawe ukamgeukia dada yako.

"Mtangazaji, zima chombo chako."

"Mheshimiwa mwenyekiti, kikao hiki ni cha wazi."

"Nimekifunga sasa hivi. Zima."

Majumbani tulisogea karibu na redio. Halafu tukasikia sauti yake, ndogo kabisa: "Nazima, kaka." Hajawahi kukuita kaka ndani ya ukumbi ule, si kabla wala baada. Kisha tukasikia ule mvumo wa redio isiyo na mtu, kama gamba la konokono ukiliweka sikioni.

Haya uliyashuhudia mwenyewe. Yaliyofuata hukuyasikia, na tumesubiri muda mrefu nafasi ya kukueleza.

Uliamuru chombo kizimwe. Hukumwambia atoke. Akakaa pale kwenye benchi akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akatembea ufukweni peke yake hadi kwenye tanuri, akapanda ngazi, akafungua mitambo. Sisi tulikuwa tumejiandaa kukusikia ukisemwa. Wapo waliovuta viti karibu kwa hamu, tunakiri.

Hakukusema vibaya, mgeni rasmi. Alianza na wewe, akakupa muda mrefu kuliko mtu yeyote. Alisema: "Mwenyekiti ameeleza kwamba kila mchana kina mama wanaouza samaki hutupa baharini walichokinunua asubuhi, kwa kuwa kimeoza. Ameeleza kwamba vijana wetu wanaondoka mmoja mmoja. Ameeleza kwamba uzio ni kwa ajili ya watoto, ili wasikaribie mashine. Alipokuwa anaeleza hilo la watoto, sauti yake ilibadilika." Hakuongeza chumvi, hakupunguza. Ndipo akaeleza na hoja za waliopinga, na hapo akasema, "Mimi ni dada wa mwenyekiti. Nimejitahidi. Mkiona nimeegemea upande, mje mniambie."

Hakuna aliyekwenda. Tulikaa milangoni tukitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tumekuelewa.

Na huko nyumbani kwenu, mama yenu alikuwa amelala kwenye kile kitanda cha dirishani, miguu ikiwa imeshachoka. Mweka hazina wetu, ambaye ni jirani yenu wa ukuta mmoja, ndiye aliyekuwa anamkandakanda. Anasema mama aliomba redio iongezwe sauti. Akasikiliza huku ametabasamu, akasema, "Mwanangu huyu anajua kujieleza, sema ana haraka."

Wewe ukaingia wakati huohuo. Uso umekukunjamana. Ukaisikia redio, ukasikia ni dada yako, hukutaka kusikia zaidi. Ukaanza kutia nguo kwenye begi.

"Mama, hata wewe unamsikiliza?"

"Nakusikiliza wewe, baba."

Jirani anasema ulidhani ni kejeli. Haikuwa kejeli, mgeni rasmi. Alikuwa anakusikiliza wewe. Maneno yalikuwa yako, yakitoka kwenye mdomo wa binti yake, na mama yule alikuwa amelala katikati ya watoto wake wawili kwa wakati mmoja. Ukafunga begi, ukaenda kulala kwa rafiki yako.

Siku iliyofuata tulipojaa ukumbini, uliona watu waliokuja kukuaibisha. Laiti ungetutazama vizuri. Mwashi ndiye aliyesimama, akiwa bado na vumbi la saruji kwenye nyusi, akasema, "Mwenyekiti, jana tumekuelewa. Barafu tunaitaka. Ngazi nazo tunazitaka. Si kuna ule uwanja mtupu nyuma ya mashamba ya chumvi?" Wachimba chumvi wakaitikia kwamba wao hawana kinyongo, barafu na chumvi ni majirani wazuri. Baraza likakubali. Wewe ukagonga nyundo, ukatoka kwa mlango wa nyuma.

Kiwanda kinafanya kazi. Ukipita pale mchana utaona moshi mweupe wa baridi ukitambaa juu ya chumvi, na vijana wakibeba mapande ya barafu yanayong'aa kama vipande vya anga. Samaki hatupwi tena. Watoto wanaogelea palepale. Tulikuwa tunataka kukushukuru, lakini ulikuwa umeshaitwa kwenye ofisi kubwa, mbali na maji.

CHANGAMOTO

Mlingoti wetu umeliwa na kutu. Upepo ukivuma kutoka kusini, sauti yetu inaishia kwenye mashamba ya chumvi na watu wa upande wa pili wanapata nusu ya kila habari. Majuzi walisikia kwamba daraja litafungwa, hawakusikia kwamba ni kwa saa moja tu ili lipakwe rangi, wakaja kulala ng'ambo hii kwa ndugu zao bila sababu. Pia betri zetu zimezeeka, na chumba hiki kipya, pamoja na uzuri wake, kinavuja pale juu ya kabati.

Changamoto nyingine tutaisema kama tulivyozoea kusemewa mambo yetu, bila kuegemea upande.

Bi Kikao husoma habari zote. Za vifo husoma, za bei za unga husoma, hata za kutukanwa kwake mwenyewe barazani amewahi kuzisoma bila kusita. Ila habari yako inapofika, umefungua shule, umepandishwa cheo, humpa mwenzake karatasi, akatoka nje kutazama bahari mpaka iishe. Sisi tuliopo hujifanya tunafagia.

Nawe, mgeni rasmi, humpigia mama simu kupitia kwa jirani. Tunajua kwa sababu jirani ni mweka hazina wetu na hana siri. Unauliza kuhusu dada yako, "Yupo?" Akijibu kwamba yupo, unasema utapiga baadaye. Mama naye ameshagundua. Siku hizi simu ya jirani ikilia, humtuma binti yake dukani kununua kitu ambacho kimo ndani. Ana mafungu ya viberiti chini ya kitanda yasiyo na idadi.

Hatumlaumu mtu. Kila mmoja wenu anadhani mwenzake ndiye aliyeumizwa zaidi, na kwa hiyo kila mmoja anaona aibu kuanza. Tumewatazama kwa muda mrefu tukiwa kimya, na kwa chama cha watu wanaopenda redio, kukaa kimya ni kazi nzito.

MAOMBI

Tunaomba mlingoti. Tunaomba betri. Tunaomba fundi wa kuziba pale juu ya kabati.

Tulipokuwa tunaandika risala hii, Bi Kikao alituita akatuonya. "Risala iseme mlingoti," alisema. "Mambo ya nyumbani kwetu muyaache." Tukamwitikia. Mlingoti tumeshausema.

Basi tunaomba na hili. Mama yenu hayuko hapa. Ameshindwa kuja, lakini redio iko kwenye mto wake na haya tunayosoma anayasikia sasa hivi. Alimwambia jirani kwamba hataki zawadi wala picha yako ya ofisini. Anataka kuwasikia mkizungumza, hata kama ni kuhusu mitaro. Tunaomba, mgeni rasmi, ukishakata utepe usiishie kwenye utepe. Kule nyuma ya kioo kuna mtu ambaye siku moja alibeba maneno yako yote kutoka ukumbini hadi majumbani kwetu, bila kudondosha hata moja, wakati ambao alikuwa na kila sababu ya kuyadondosha.

Hapa karatasi yetu inasema tukuombe uendelee kuketi mpaka mwisho wa risala.

Lakini tunaona umeinuka.

Basi, kwa wale mlio majumbani ambao hamwoni tunachokiona: mgeni rasmi ameacha kiti chake. Amepita mbele ya waheshimiwa, mmoja amemwuliza kitu, hakumjibu. Anatembea kama mtu anayetembea ndani ya maji. Amefika kwenye studio. Mgeni rasmi, mlango huo unasukumwa, hauvutwi. Eeh, hivyohivyo. Ameingia.

Bi Kikao ameinua macho. Amevua hedifoni. Kioo ni kinene, hatusikii wanachosema, na hatutabahatisha. Tunachoweza kuwathibitishia ni kwamba mgeni rasmi amekaa, na mtangazaji wetu amejifunika uso kwa mikono yote miwili. Anacheka. Au analia. Kwa hapa tulipo hatuna hakika. Sasa kaka amemwambia kitu, naye amempiga kofi la begani, kama dada wanavyowapiga kaka zao. Anacheka, wasikilizaji. Hilo sasa tumelihakikisha.

Mama, kama unatusikia, wako pamoja. Subiri kidogo, dada yetu ananyoosha mkono kwenye mitambo, nadhani wanakuja hewani. Jirani, ongeza sahani mezani.

Sisi tunakomea hapa tuwapishe. Mwenyezi Mungu awalinde walioondoka na waliobaki, awape viongozi wetu masikio, awape wagonjwa wetu usingizi mwema, na azidi kuuacha mji huu uzungumze.

Ni sisi,
Chama cha Wasikilizaji wa Redio ya Mji