Baltazar Akonaay na Maji ya Masieda

Baba yetu mpendwa, Baltazar Akonaay, alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 hapa Masieda, wilaya ya Mbulu, mtoto wa pili wa Mzee Akonaay na Mama Konsolata. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Wakati wa mvua alimvusha mdogo wake, Bura, korongoni kwa kumbeba mgongoni, na Bura huko juu alikuwa akimwamuru, "Haya punda, twende!"

Alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, mfugaji, na mwimbaji wa besi kanisani. Tarehe 7 Oktoba 1978 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Marieta. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Mwaka 1983 babu alifariki baada ya kuteseka kwa mkojo kuziba na mifupa kuuma. Mwaka 1997 kaka mkubwa wa baba na Bura, Ezekiel, alifariki kwa mateso yale yale. Baba akaamini kwamba chemchemi ya shamba la ukoo ndiyo inayoua wanaume wa nyumba hii.

"Maji hayo tunakunywa wote," mama alimwambia. "Mbona sisi wanawake hatufi?"

"Ninyi mnakunywa chai."

Mwaka 1998 alituhamishia Mogitu, wilaya ya Hanang. Alikataza tusichukue hata mtungi uliowahi kuguswa na maji yale. Mama aliuviringisha mtungi wake ndani ya blanketi, ukafika salama. Huko baba alianza upya, akafyeka, akajenga, na hatukulala njaa hata siku moja. Lakini maneno yake yalibaki Masieda. Majirani waliacha kuchota maji kwa Bura, aliyebaki kwenye shamba la ukoo, na watoto wake wakachekwa shuleni. Ndugu hao wawili hawakusalimiana kwa miaka ishirini na mitatu.

Machi 2021 baba alianza kushindwa kukojoa. Hospitali walimkuta na saratani ya tezi dume, nayo ilikuwa imekwisha kufika kwenye mifupa. Daktari aliposikia habari za babu na Ezekiel, alimweleza kwamba vinasaba vya watu vina tofauti ndogo ndogo, na baadhi ya tofauti hizo huongeza hatari ya ugonjwa huu. Ndugu wa tumbo moja hawarithi sawasawa, na wapo wanaozirithi wasiugue kamwe. Hata mabinti huzibeba na kuwarithisha wana wao.

Baba akasema, "Kumbe nilihama shamba, damu nikaibeba."

Alipotoka hospitali hakwenda Mogitu kwanza. Alipanda basi la Mbulu, halafu bodaboda, hadi mlangoni kwa Bura.

"Shikamoo kaka," Bura alisema bila kuinuka. "Leo hujaja na maji yako ya chupa?"

"Marahaba. Nipe ya hapa."

Alikunywa kikombe chote mbele ya majirani waliokuwa wamejaa uani kumshangaa, kisha akasema kwa sauti ile ya besi: "Nilikosea. Maji haya ni mazima. Damu yetu ndiyo ya kupimwa, na kesho tunakwenda, Bura."

"Mimi siumwi."

"Hata mimi mwaka jana sikuumwa."

Bura alikutwa na saratani hiyo hiyo, ikiwa bado changa. Alitibiwa na akapona. Tangu hapo, katika kila msiba wa ukoo, baba alisimama kuwahimiza wanaume waliofika miaka arobaini wamwone daktari, na hakuona haya kutaja ugonjwa wake.

Mwanzoni mwa Agosti mwaka huu wa 2025 alizidiwa. Bura, aliyekuja kumuuguza, alimbeba mgongoni kumpeleka kwenye gari, na baba akamnong'oneza, "Haya punda, twende." Alipokea mpako wa wagonjwa, akafariki tarehe 9 Agosti, akiwa na umri wa miaka 71. Aliagiza azikwe hapa, na ugonjwa wake usomwe kwa jina.

Ameacha mjane, Marieta; watoto Herman, Hilda, Felician na Zita; wajukuu kumi na mmoja; na mdogo wake, Bura. Herman na Felician wamekwisha kupimwa. Chai tutakayokunywa baada ya mazishi imepikwa kwa maji ya chemchemi ile. Bura ameyachota mwenyewe asubuhi, kwa mtungi wa mama.

Ee Bwana, umpumzishe mtumishi wako kwa amani, katika ardhi hii aliyoirudishia jina lake jema.