Chupa ya Mama Levi Yafika Baharini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mbili ya kupima mahindi ya watu, Bi. Rispah Nangila atatundika koti lake la kijivu kwenye msumari wa ghala letu la ushirika, Kitale, na hatalivaa tena. Sisi humwita Mama Levi. Wenye malori ya mahindi humwita majina mengine ambayo jarida hili haliwezi kuyachapisha.

Alizaliwa Misikhu, akaanza kazi katika ghala la Bungoma kama mshonaji magunia. Huko ndiko alikofundishwa kupima kwa chupa: unatia mahindi, unaongeza chumvi kavu, unatikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, na yakiwekwa ghalani yataota ukungu wenye sumu. Mashine za kupima unyevu zilipokuja alizipokea vizuri, lakini chupa haikutoka mfukoni. Umeme ukipotea, sote tulimgeukia yeye.

Neno lake halikuwa na rufaa. Mwaka mmoja, katikati ya mvua na umeme umekatika, alimrudisha kaka yake mwenyewe, Wakoli, na magunia ishirini. Wakoli alilalamika njia nzima hadi Misikhu ati dada yake amejifanya serikali, na Krismasi mbili hawakuzungumza. Ya tatu Wakoli alikuja na jogoo.

Basi mwezi wa Aprili tulipochanga ili akapumzike siku nne ufuoni, kusini mwa Mombasa, na mimi, Jelimo wa mizani, nikachaguliwa kumsindikiza, nilijua chupa nayo itasafiri.

Hoteli yenyewe ilikuwa bado inajiinua. Mvua na mawimbi yalikuwa yameipiga miezi mitano kabla. Nusu ya vyumba havikuwa na paa, na bwawa la kuogelea lilijaa mchanga hadi ukingoni. Wafanyakazi ishirini na sita walikuwa wamebaki kuijenga upya. Wageni tulikuwa sita tu. Bahari ilitulia kama vile haijafanya lolote. 

Alasiri hiyo mpishi mkuu, Tabby, aliposikia tumetoka ghala la mahindi la Kitale, alimwomba Mama Levi awapimie magunia arobaini ya mahindi. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha wafanyakazi hadi hoteli ifunguliwe, na waliogopa yameingia unyevu. Mama Levi akaomba chumvi jikoni, akatikisa chupa. Chumvi ikanata kila upande. Akawaambia wasiyale, wayafukie. Tabby hakubisha. Alikaa tu juu ya gunia, akafunika uso.

Asubuhi, wakati wa chai, Mama Levi alitikisa kichupa cha chumvi juu ya yai lake. Haikutoka hata chembe. Akatia chumvi peke yake kwenye chupa yake kavu. Ikanata vilevile. Kumbe hewa ya huko huilowesha chumvi kabla haijagusa chochote. Kwetu Kitale hakuwahi kuwa na sababu ya kulifikiria jambo hilo.

Aliliacha yai. Nilimwona mama wa miaka sitini akikimbia peku mchangani, akipunga leso, hadi kwenye shimo ambako gunia la tisa lilikuwa linashushwa. Akaikaanga chumvi jikoni ili ikauke, akaifunika hadi ikapoa, akapima gunia moja baada ya jingine. Chumvi ilitiririka. Mahindi yalikuwa mazuri, isipokuwa magunia mawili yaliyopasukia shimoni.

Kisha akawaita wote. "Mahindi yenu hayana shida," aliwaambia. "Shida ilikuwa mimi. Mnisamehe." Akashuka shimoni mwenyewe kuwasaidia kutoa yaliyobaki. Ile bahari ilikuwa imenishangaza, lakini hilo lilinishangaza zaidi. Sikuwahi kumsikia akirudisha neno lake. Mchana ule Tabby alisonga ugali, na sahani ya kwanza ikawa ya Mama Levi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Tuliporudi, hata mkoba hajaufungua, alielekea Misikhu kwa Wakoli, nami nikamfuata. Yale magunia ishirini aliyapima siku ya mvua, kwa chumvi ambayo hakuikagua kwanza. Alimwambia kaka yake kwamba huenda alimwonea, na kwamba hatajua kamwe.  Wakoli alimwangalia, akacheka hadi akakohoa.

"Yalikuwa mabichi, bana," akasema. "Si nilikuwa nayajua mimi."

Mama Levi, chupa yako sasa iko mezani pangu, pamoja na karatasi uliyoiandika kwa mkono wako: tikisa chumvi peke yake kwanza. Tutafanya hivyo kila asubuhi. Asante kwa miaka yote, hata kwa siku ulizoturudisha nyuma tukiwa na haraka. Nenda ukapumzike Misikhu kwa afya na amani, na Wakoli akikuletea mahindi, mwamini tu, maana chupa umetuachia sisi.

Linet Jelimo, kwa niaba ya wafanyakazi wa ghala